Unga wa kuvutwa kwa pumzi: Safari ngumu ya tiba ya jeni kuelekea mapafuni

WANASAYANSI walipoitambua jeni inayosababisha ugonjwa wa sistiki faibrosisi mnamo 1989, wengi waliamini kwamba tiba haingekawia. Jeni moja tu ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kiungo kinachoumia zaidi, yaani pafu, kina mlango ulio wazi kwa hewa ya nje. Ilidhaniwa kwamba kilichosalia ni kutengeneza nakala nzima ya jeni hiyo na kumpa mgonjwa aivute. Zaidi ya miaka 30 baadaye, hakuna tiba ya jeni ya kuvutwa mapafuni ambayo imeidhinishwa kwa wagonjwa wa maradhi hayo.

Jeni yenyewe si tatizo tena. Nakala zake hutengenezwa katika maabara nyingi. Kinachowasumbua watafiti ni namna ya kuifikisha ndani ya seli za pafu ikiwa nzima, mara kwa mara, bila kumdhuru mgonjwa. Mojawapo ya njia zinazochunguzwa ni kuigeuza dawa hiyo kuwa unga mkavu unaovutwa kwa inhela ndogo ya mkononi, sawa na zile zinazotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa pumu. Ni wazo jepesi kueleza, ila utekelezaji wake umewashughulisha wafamasia kwa zaidi ya miongo miwili.

Sistiki faibrosisi hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Jeni husika, iitwayo CFTR, imo katika kromosomu ya 7, na huelekeza utengenezaji wa protini iliyo kama lango la kupitishia chumvi katika utando wa seli. Lango hilo likikosekana au likiharibika, njia za hewa hukosa maji ya kutosha na ute wake huwa mzito kama gundi. Bakteria hujificha humo, maambukizi hayaishi, na pafu huchakaa mwaka baada ya mwaka. Kasoro inayoonekana zaidi ni upungufu wa herufi tatu pekee za kemikali katika maelezo yenye herufi zaidi ya 4,000.

Tangu Oktoba 2019, wagonjwa wengi wa Marekani, na baadaye wa Ulaya, wamepata nafuu kubwa kutokana na vidonge vya Trikafta, ambavyo bei yake ilipotangazwa ilizidi dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Vidonge hivyo hurekebisha protini iliyopinda. Mtu ambaye mwili wake hauitengenezi protini hiyo kabisa hana cha kurekebishwa, na wa namna hiyo ni takriban mmoja katika kila wagonjwa 10.

Kwa Waafrika, suala hili lina uzito wa pekee. Ugonjwa huu umezoeleka kuhesabiwa kuwa wa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo basi mtoto wa Kiafrika anayekohoa na kukonda huenda akatibiwa kifua kikuu au utapiamlo bila yeyote kuufikiria. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kwamba wagonjwa weusi wengi wana kasoro nyingine, ijulikanayo kama 3120+1G>A, ambayo huvuruga ujumbe wa jeni kabla protini haijaundwa. Mgonjwa wa aina hii anahitaji nakala mpya ya jeni, au angalau ujumbe wake, yaani mRNA, ambao seli huusoma ili kuunda protini.

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza nchini Marekani mnamo 1993, jeni ikiwa imebebwa na virusi vya adeno, jamii ya virusi vinavyosababisha mafua, vilivyopunguzwa makali. Virusi ni hodari wa kuingia katika seli, kwani ndiyo kazi yao ya asili. Lakini mwili huvitambua, na dozi ya pili au ya tatu hukuta kinga imekwisha jiandaa. Hili ni pigo kubwa kwa tiba ya pafu, maana seli za njia za hewa hufa na kuzaliwa upya, na tiba sharti irudiwe. Kisha mwaka wa 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, akafariki katika jaribio la tiba ya ini jijini Philadelphia baada ya kupewa virusi vya jamii hiyo hiyo. Tangu hapo, wabebaji wasio virusi, hasa chembe za mafuta na protini fupi, walipewa nafasi kubwa zaidi.

Jaribio lililofika mbali kwa wabebaji hao lilifanywa nchini Uingereza na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2015. Wagonjwa zaidi ya 130 waliingizwa katika jaribio hilo, na kila mwezi kwa mwaka mzima walivuta mvuke wa dawa iliyochanganya DNA na mafuta, au mvuke wa maji ya chumvi. Waliopata dawa walibaki karibu pale pale walipokuwa, ilhali nguvu ya mapafu ya wenzao ilishuka. Tofauti ilikuwa asilimia 3.7. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tiba ya jeni isiyotumia virusi kuonyesha faida ya aina hiyo katika mapafu ya wagonjwa hawa, ingawa faida yenyewe ilikuwa ndogo mno kubadili maisha yao. Jaribio jingine la mRNA, lililoanza mwaka wa 2018 nchini Marekani, lilitoa matokeo mnamo 2021 yasiyoonyesha ongezeko la nguvu ya mapafu.

Katika majaribio hayo yote mawili, dawa ilikuwa majimaji yaliyotiwa katika nebulaiza, mashine inayogeuza maji kuwa ukungu. Hapo ndipo hoja ya unga inapoingia. DNA ni uzi mrefu na mwembamba. Ukilazimishwa kupita katika tundu dogo kwa msukumo wa hewa, hukatika. RNA ni dhaifu zaidi, na ndani ya maji huvunjika yenyewe polepole. Chembe za mafuta zinazobeba jeni nazo, zikikaa majini, huanza kushikana na kuwa mabonge yasiyoweza kuingia katika seli. Isitoshe, nebulaiza huhitaji umeme au betri, huchukua muda mrefu, na isiposafishwa vyema huwa maskani ya bakteria wale wale wanaomsumbua mgonjwa. Dawa iliyokaushwa haina maji ya kuivunjavunja wala ya kuifanya iungane mabonge.

Unga wa kuvutwa, hata hivyo, si unga wowote. Punje zinazozidi mikroni 5 hivi hugonga koo na kumezwa. Zilizo chini ya mikroni 1 nyingi huelea tu na kutoka tena na pumzi. Zinazotakiwa ni za kati ya hapo, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Tatizo ni kwamba punje ndogo kiasi hicho hupenda kushikana. Nguvu ndogo za mvutano kati yake huzidi uzito wake, basi unga hukaa kama kitonge, na pumzi ya mgonjwa hushindwa kuutawanya. Kwa muda mrefu dawa za pumu zimekwepa tatizo hili kwa kuzibandika punje za dawa juu ya punje kubwa za sukari ya maziwa, yaani laktosi, zinazobaki kooni huku dawa ikiachana nazo na kuendelea na safari.

Inhela yenyewe ya unga ina asili ya kuvutia. Iliyowahi kupata umaarufu mapema, Spinhaler ya miaka ya 1960, ilibuniwa na daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Syria aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza na ambaye mwenyewe aliugua pumu. Aliweka ndani ya kifaa hicho panga ndogo mfano wa zile za ndege, zinazozungushwa na pumzi ya mgonjwa na kuurusha unga hewani.

Kuhusu ukaushaji, njia inayotumiwa zaidi inafahamika kwa yeyote aliyewahi kufungua kopo la maziwa ya unga. Majimaji hunyunyizwa kuwa matone madogo ndani ya pipa lenye hewa moto, maji huruka, na kinachobaki hukusanywa kikiwa unga. Hivyo ndivyo viwanda vya New KCC vinavyokausha maziwa ya ziada. Hewa inayoingia huweza kuzidi nyuzi 100 za selsiasi, jambo linalomtisha anayeisikia kwa mara ya kwanza, ila tone linapopoteza maji hujipoza lenyewe kama mwili unaotoa jasho, na ukavu hupatikana kabla joto halijaifikia dawa. Madhara makubwa zaidi hutokea wakati wa kunyunyiza, pale DNA inapovutwa na kukatwa, na juu ya uso wa tone, mahali maji yanapokutana na hewa.

Njia ya pili ni kugandisha. Matone hunyunyizwa ndani ya naitrojeni iliyo majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, kisha barafu hufyonzwa bila kuyeyuka. Punje zinazopatikana huwa na vishimo vingi kama sifongo. Huu ni uzuri mkubwa, kwa sababu kinachoamua mahali punje itakapotua si ukubwa wake pekee, bali pia uzito wake kwa ujazo. Mwaka wa 1997, David Edwards, Robert Langer na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba punje kubwa zenye vishimo hupaa kama zilivyo ndogo na hufika ndani ya pafu. Kwa kuwa ni kubwa, hugusana katika sehemu chache na hazishikani sana. Aidha, seli walinzi wa pafu, ambao hula kila kigeni chenye ukubwa wa mikroni chache, huona vigumu kuzimeza.

Kukausha kwa kugandisha ni ghali na huchukua muda mrefu, kwa hivyo watafiti wengi wamerudi kwenye pipa la hewa moto na kujaribu kuuboresha unga wake. Kazi ya kundi la James Birchall katika Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, ni mfano mzuri. Mnamo 2002 kundi hilo lilichapisha ulinganisho wa njia hizi mbili kwa unga uliobeba DNA iliyofungwa kwa mafuta na protini, ndani ya laktosi. Mwaka wa 2005 likaendelea kwa kuongeza asidi za amino, vijenzi vya kawaida vya protini, katika mchanganyiko kabla ya kuukausha. Iliyong'ara hasa ni lusini, ambayo imo kwa wingi katika mahindi na nyama.

Siri ya lusini ni kwamba haipendi sana maji. Tone linapokauka, hukimbilia juu na kuunda ganda jembamba lenye mikunjo. Punje zenye mikunjo hazigusani vizuri, na ganda lenyewe huzuia unyevu kuingia. Unga uliokuwa kitonge hutawanyika kwa pumzi, na sehemu kubwa zaidi ya DNA hufika katika tabaka za chini za chombo cha maabara kinachoiga matawi ya pafu. Kundi hilo hilo lilijaribu pia kuongeza kitosani, dutu inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Ni maboresho yasiyo na kishindo, lakini tiba hii haiwezi kusonga mbele bila ya hayo.

Sukari nayo si kijalizo tu. Maji yanapoondoka, kitu fulani sharti kichukue nafasi yake karibu na DNA na mafuta yanayoibeba, la sivyo umbo lao huporomoka. Sukari zinazokauka kama kioo, hasa trehalosi, hufanya kazi hiyo kwa ustadi, na maumbile yaliligundua jambo hili zamani. Katika madimbwi ya juu ya miamba kaskazini mwa Nigeria huishi kiluwiluwi cha mdudu aitwaye Polypedilum vanderplanki. Dimbwi likikauka, hujijaza trehalosi, hukauka kabisa, na hufufuka mvua inaponyesha. Laktosi, iliyotumiwa Cardiff na kwingineko, ni nafuu na imezoeleka, lakini ikiwa katika hali ya kioo huvuta unyevu kwa pupa. Manitoli hainyonyi maji kwa urahisi, ila hugeuka fuwele na huenda ikaisukuma dawa pembeni. Kila chaguo lina gharama yake, na mara nyingi kinacholinda jeni ndicho kinachoharibu mpao wa unga.

Hata unga uliotua salama huwa bado haujafika. Hukutana kwanza na ute, ambao kwa mgonjwa wa sistiki faibrosisi umejaa DNA ya seli nyeupe zilizokufa. DNA hiyo ina chaji hasi, na huzinasa chembe nyingi zinazobeba jeni kwa vile hizo zina chaji chanya. Vinyweleo vya njia za hewa navyo husukuma ute huo kuelekea kooni. Punje inapaswa kuyeyuka upesi, kuachilia chembe ndogo za kiwango cha nanomita zilizofichwa ndani yake, na chembe hizo zipenye ute kabla ya kufagiliwa nje. Ndiyo sababu watafiti wengine huzifunika kwa polima ziwe telezi.

Mnamo 2019, kundi la Jenny Lam, wakati huo katika Chuo Kikuu cha Hong Kong, lilieleza unga wa mRNA uliobebwa na peptidi ya kutengenezwa inayoiga mojawapo ya protini za mapafu, ikiwa imeunganishwa na polima ya aina hiyo. Unga huo, uliokaushwa kwa njia zote mbili, uliwafanya panya wa maabara kutengeneza protini iliyokusudiwa ndani ya mapafu yao. Ni matokeo yenye kutia moyo. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: panya hawezi kuambiwa avute pumzi kwa nguvu. Katika majaribio ya namna hii unga hupulizwa kwa mrija moja kwa moja katika koromeo, ukikwepa mdomo na koo, mahali ambapo dawa nyingi ya binadamu hupotelea.

Yaliyojiri kwa unga wa dawa nyingine yanaonyesha mgonjwa atakavyoupokea. Antibaiotiki tobramaisini ilitengenezwa kuwa unga wa punje zenye vishimo, TOBI Podhaler, ulioidhinishwa Marekani mnamo 2013 kwa wagonjwa hawa hawa. Katika jaribio kubwa lililotangulia, kuvuta dozi moja kulichukua chini ya dakika 6, badala ya karibu dakika 20 za nebulaiza. Lakini waliokohoa walikuwa asilimia 48 kwa unga dhidi ya 31 kwa majimaji. Insulini ya unga ya Exubera, iliyoruhusiwa mnamo Januari 2006, iliondolewa sokoni na kampuni ya Pfizer mwaka uliofuata kwa kukosa wanunuzi, hasara ikiwa dola bilioni 2.8. Ilifanya kazi, ila kifaa chake kilikuwa kikubwa na bei yake ilikuwa juu.

Kwa nchi za joto, ukavu una maana nyingine. Chanjo za mRNA za Covid-19 ziliwaonyesha Wakenya ugumu wa kusafirisha dawa inayotaka baridi kali; ile ya Pfizer ilihifadhiwa kwa takriban nyuzi 70 chini ya sufuri, na kaunti nyingi hazikuwa na majokofu ya aina hiyo. Unga uliokaushwa ipasavyo ungeweza kupunguza mzigo huo. Uwezekano wake umewahi kupimwa kwa chanjo ya surua: watafiti wa Colorado na Serum Institute of India walikausha virusi hai vya chanjo hiyo kuwa unga, na matokeo yaliyochapishwa mnamo 2014 yalionyesha kwamba wanaume 60 nchini India waliouvuta hawakupata madhara makubwa.

Ila joto na unyevu ni mambo mawili tofauti. Mkazi wa Mombasa anayeona chumvi ikilowa na kugandamana mezani msimu wa masika anajua bila kuelezwa litakaloupata unga wenye sukari ya kioo. Ukishanyonya maji kidogo tu, hulainika, punje huungana, na umbo lililogharimu miaka ya utafiti hutoweka. Ndiyo maana dawa zinazolenga maeneo ya joto na unyevu hupimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi mingi, na ndiyo maana mara nyingi kila dozi ya unga hufungwa peke yake katika karatasi ya alumini na kufunguliwa wakati wa kuvutwa.

Kuna pia suala la pumzi. Inhela nyingi za unga hutegemea nguvu ya mgonjwa mwenyewe kuutawanya unga, na wanaohitaji tiba hii ni watu ambao nguvu hiyo imepungua. Watoto wachanga na walio chini ya miaka mitano hivi hawawezi kuzitumia, ingawa huo ndio umri ambao pafu halijaharibika na jeni mpya ingefaa zaidi. Wakaguzi wa dawa nao huuchukulia unga na inhela yake kuwa kitu kimoja: ukibadili tundu la kifaa, umebadili dozi. Kwa hivyo dawa ya jeni ambayo tayari imejaribiwa kwa nebulaiza haitaruhusiwa kugeuzwa unga kwa kukaushwa tu. Itabidi majaribio yaanzwe upya, kwanza kwa wanyama, halafu kwa watu wachache wenye afya au wagonjwa wa kujitolea.